Kisima Kina Cheti, Kikombe Je?

Cheti kimetundikwa ukutani juu ya bomba, pale ambapo duka jingine lingetundika kalenda. Fremu yake ilikuwa ya rangi ya dhahabu, sasa imepauka, na kioo kina alama za vidole vya watu waliosoma kwa kufuatisha mstari. Kila anayefika na dumu hukiona cheti kabla hajayaona maji.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Maji yangu haya yamepimwa, si ya kubahatisha. Soma mwenyewe.”

Nikasoma. Uchachu, chumvi, ugumu wa maji, madini ya chuma, floridi, naitreti. Kila mstari una namba yake, na chini kabisa kuna muhuri na maneno kwamba maji yanafaa kwa matumizi ya nyumbani. Nikarudia kusoma kutoka juu, nikitafuta mstari mmoja, nao haukuwepo. Karatasi nzima haikugusia vijidudu. Tarehe ilikuwa ya Januari, miaka sita nyuma.

Nikamuuliza mama sampuli ilipelekwaje. “Fundi aliyechimba aliyatia kwenye chupa ya soda, akaondoka nayo. Siku ya tatu akarudi na hicho cheti, nami nikaenda kukitengenezea fremu.”

Cheti si cha kughushi. Siku ile kilipoandikwa, kila namba iliyomo ilikuwa na ukweli wake. Lakini wanaopanga foleni hapa kila asubuhi, katika mtaa huu wa pembezoni mwa Dar es Salaam upande wa Mbagala, wanakisoma kana kwamba kimejibu swali lao. Swali lao ni moja tu: mtoto akinywa haya maji, ataumwa tumbo? Hilo cheti hakikulijibu, kwa sababu hakikuulizwa.

Jiji la visima

Dar es Salaam hunywa zaidi maji ya Mto Ruvu. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 5,383,728, na mabomba hayajakimbia kwa kasi ya viwanja. Anayejenga Chanika, Kigamboni au Mbagala ndani huchimba choo kwanza, kisha kisima, ndipo msingi wa nyumba. Mwishoni mwa 2022, Ruvu ilipopungua na maji ya bomba yakawa ya mgao, hata waliokuwa wamevisahau visima vyao walivifunua, wakanunua pampu, wakaanza kuwauzia majirani.

Hali hii si ya Dar peke yake. Manyatta kule Kisumu, Kisauni pale Mombasa, na mitaa mingi ya Unguja, familia huchota maji na kuchimba choo katika ardhi ile ile, mara nyingi ndani ya ua mmoja. Ardhi ya pwani kwa sehemu kubwa ni mchanga na mawe ya matumbawe. Mchanga huchuja, na ukiwa mwembamba hufanya kazi nzuri. Jiwe la matumbawe lina nyufa na mapango madogo, na maji yakishapata ufa hayachujwi tena. Yanasafiri.

Kuna pia kumbukumbu ya nyuma ambayo jiji halijaisahau. Agosti 2015 kipindupindu kiliibuka Kinondoni, kikaenea jijini na baadaye mikoani, na kikaendelea hata mwaka uliofuata. Mabwana afya walipita nyumba kwa nyumba, klorini ikagawiwa, na kwa miezi kadhaa kila mtu alichemsha maji. Ugonjwa ulipotulia, sufuria zikarudi kwenye wali.

Ulimi si maabara

Wazee wa pwani walikuwa na vipimo vyao. Katika nyumba za kale za Lamu waliweka samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu, na kwenye sakafu ya birika walijenga bakuli la kaure ili samaki wapate pa kukaa maji yanapokaushwa. Samaki akiwa hai, ujue maji hayana sumu kali. Bara walitumia mbegu za mlonge zilizotwangwa, na kwingine shabu, ili tope lizame na maji yang'ae. Yote hayo yana akili ndani yake. Tope likizama huondoka na sehemu ya vijidudu, na maji maangavu hutibika kwa klorini kirahisi kuliko ya tope. Lakini hakuna hata kimoja kinachoweza kusema kama kinyesi kimefika kisimani. Samaki hachukii kipindupindu.

Ulimi nao una historia mbaya katika jambo hili. Mwaka 1854, mtaa wa Soho jijini London ulikumbwa na kipindupindu kilichoua watu 616. Daktari John Snow aliwaandika waliokufa, akawaweka kwenye ramani, akaona wengi wao walichota maji kwenye pampu moja ya Broad Street. Vifo viwili vilimtatiza, kwa sababu vilitokea mbali na hapo. Kimoja kilikuwa cha mjane aliyehamia Hampstead. Ilibainika kwamba mjane huyo aliyapenda mno maji ya kisima cha mtaa wake wa zamani, na wanawe waliokuwa na kiwanda pale walimpelekea chupa kila siku. Aliyanywa, akafa. Mpwa wake aliyekuja kumtembelea aliyanywa pia, naye akafa huko kwake Islington. Mpini wa pampu uliondolewa Septemba 8. Baadaye kasisi wa mtaa, Henry Whitehead, alifuatilia hadi nyumba namba 40, ambako nepi za mtoto mgonjwa zilikuwa zikifuliwa na maji kumwagwa kwenye shimo la majitaka. Mafundi walipofukua walikuta shimo hilo liko chini ya mita moja kutoka kisimani, na matofali yake yameoza.

Maji yaliyowaua watu wa Soho yalisifiwa kwa ladha.

Siku hizi ulimi umepata msaidizi: kalamu ya kidijitali. Kijana anayeuza mitambo ya kuchuja maji huichovya kwenye glasi, inasoma 240, naye anatangaza, “Safi kabisa!” Akichovya ya jirani inasoma 900, anatikisa kichwa. Kalamu hiyo hupima jinsi umeme unavyopita katika maji, kisha hukadiria madini yaliyoyeyuka. Ni kifaa kizuri cha kujua chumvi, na kwa mtu wa Kigamboni anayehofia bahari kupenyeza kisimani kina maana kubwa. Kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 12, kinaruhusu maji ya asili kuwa na madini hadi miligramu 1,500 kwa lita. Ila bakteria haongezi namba kwenye kalamu. Unaweza kuchota maji ya mvua yaliyopita juu ya kinyesi cha kunguru, ukapata namba ndogo ya kukufurahisha.

Wengine huja na kifaa cha nondo mbili. Wanaziingiza kwenye glasi ya maji ya kisima, wanawasha umeme, na baada ya dakika moja maji yanageuka kahawia na kutoa povu chafu. Kwenye glasi ya maji yao yaliyochujwa hakuna linalotokea. Mama wa watu anashika kifua. Ukweli ni kwamba uchafu ule umetoka kwenye nondo zenyewe: chuma kinayeyuka kwa umeme, na maji yenye madini hupitisha umeme vizuri kuliko yaliyoondolewa madini. Hicho si kipimo bali mazingaombwe ya dukani.

Tembea kabla hujapima

Mtaalamu wa maji akifika kwako, usishangae akiacha chupa ndani ya gari na kuanza kuzunguka ua akiangalia chini. Shirika la Afya Duniani lina orodha za maswali ya ndiyo na hapana kwa kazi hiyo, takriban kumi kwa kila aina ya kisima. Mwenye kisima anaweza kuyauliza mwenyewe bila kulipa mtu.

Choo cha karibu kiko umbali gani? Mwongozo unaotumika sana ni mita 30, na tako la shimo liwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Je, choo kiko upande wa juu wa mteremko? Mdomo wa kisima umeinuliwa, au maji ya mvua yanaweza kutiririka na kuingia? Sakafu ya zege inayozunguka ina nyufa? Maji yanayomwagika wakati wa kuchota yana mfereji wa kuyatoa, au yanatuama hapo hapo na bata wanaoga? Mfuniko upo? Kamba na ndoo vinalala wapi usiku?

Nilizunguka kisima cha mama. Kisima chenyewe ni kifupi, kimejengwa kwa kalvati za zege, sakafu yake nzuri isipokuwa ufa mmoja, mfuniko wa chuma na kufuli. Kilipochimbwa, upande wa mashariki palikuwa na mikorosho. Mikorosho hiyo imeshakatwa, pamejengwa nyumba ya wapangaji yenye vyumba sita na choo kimoja. Nilihesabu hatua kutoka choo hadi kisima: kumi na tisa.

Kuna jambo jingine ambalo kila mkazi wa uswahilini analijua na hakuna fomu inayoliuliza: kutapisha choo. Gari la kunyonya majitaka lina gharama, na njia nyingi haliwezi kupita. Kwa hiyo baadhi ya watu husubiri mvua kubwa ya masika, wanafungua tundu ubavuni mwa shimo usiku, na mvua inabeba. Asubuhi mtaa unanuka, kila mtu anajua, na hakuna anayetaja jina. Kisima kilichopimwa Januari, jua linapowaka na ardhi imekauka, hakijawahi kukutana na usiku kama huo. Ndiyo maana tarehe iliyo kwenye cheti ni kipimo kama namba nyingine zote.

Chupa tatu kabatini

Mwezi Februari nilinunua chupa tatu ndogo za kipimo ambacho mtu anaweza kukifanyia nyumbani. Ndani ya kila chupa kuna kipande cha karatasi kilicholoweshwa dawa. Ukitia maji na kuyaacha mahali pa joto kwa siku moja hadi mbili, bakteria wa jamii zinazoishi kwenye matumbo hutoa gesi ya salfidi, na maji yote huwa meusi kama wino. Watafiti wa India, Manja, Maurya na Rao, waliielezea mbinu hii mwaka 1982 kwa ajili ya vijiji visivyo na maabara. Haihesabu vijidudu, na inaweza kudanganywa na maji yenye salfidi ya asili. Lakini weusi haufasiriki kwa njia nyingi.

Chupa ya kwanza niliijaza kwenye bomba la mama. Nilisugua mdomo wa bomba kwa pamba yenye spiriti, nikaupitishia moto, nikaacha maji yamwagike dakika mbili huku yeye akinitazama kama ninayechezea mali yake. Chupa ya pili niliijaza kutoka kwenye dumu langu la lita 20 baada ya kufika nyumbani. Ya tatu niliijaza kutoka kwenye ndoo ya jikoni yenye mfuniko, ambayo kila mtu wa nyumba huchota kwa kuzamisha kikombe pamoja na mkono wake.

Nikazipanga kabatini, juu ya rafu ya shuka, penye joto. Kesho yake jioni, ya kwanza ilikuwa angavu. Ya pili imeanza kufifia. Ya tatu ilikuwa nyeusi tii.

Miezi yote nilikuwa nimekitilia shaka kisima cha watu, na kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Dumu langu lilisuuzwa kwa maji bila sabuni, mfuniko wake uliwahi kuanguka barabarani ukafutwa kwa kanga. Ndoo ya jikoni nilijivunia mfuniko wake, nikasahau mikono inayoingia. Wataalamu wanalijua jambo hili vizuri: maji mengi huchafuka kati ya chanzo na kikombe. Chombo chenye mdomo mwembamba, au ndoo yenye bomba lake la kufungulia, huzuia uchafu ambao dawa italazimika kuupiga vita baadaye. Wiki ile nilinunua ndoo yenye bomba.

Mwezi Mei, masika ilipopiga siku nne mfululizo, nilirudia. Safari hii ndoo yangu ilikuwa angavu kwa sababu nilikuwa nimeweka klorini. Chupa ya bomba la mama ndiyo iliyogeuka nyeusi.

Maabara inaona nini

Chupa nyeusi hukwambia kuna tatizo. Kujua ukubwa wake kunahitaji maabara. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, na huko mtu binafsi anaweza kupeleka sampuli na kulipia. La muhimu ni kusema unataka kipimo gani. Ukisema “nipimieni maji” bila zaidi, unaweza kupewa kemia tupu, kama fundi wa mama alivyopewa.

Kwa vijidudu, omba kipimo cha *E. coli*. Bakteria huyu alielezwa mwaka 1885 na daktari Mjerumani Theodor Escherich, na jina lake limebaki humo. Makao yake ni utumbo wa binadamu na wanyama wenye damu moto. Aina zake nyingi hazidhuru, lakini anapoonekana kisimani anatoa ushahidi kwamba kinyesi kimefika, na alipopita yeye homa ya matumbo na kipindupindu vinaweza kupita. Kiwango hakina mjadala: sifuri katika mililita 100. Kundi pana la koliformu, ambalo pia huonekana kwenye majibu, linaweza kutoka kwenye udongo na majani. Ni dalili ya kisima kisichozibwa vizuri, si lazima iwe ya choo.

Chupa ya sampuli lazima itoke maabara, ikiwa imeuliwa vijidudu. Chupa ya soda haifai hata ukiiosha mara kumi. Ukiifungua usiguse ndani ya mdomo wala kuweka mfuniko chini. Kama maji yana klorini waambie, wakupe chupa yenye kemikali ya kuizima, la sivyo klorini itaendelea kuua ndani ya chupa na majibu yatakusifu bure. Weka chupa kwenye boksi lenye barafu, mbali na jua, na uifikishe ndani ya saa sita ikiwezekana. Ikipita saa 24 hakuna unachopima cha maana. Sampuli ya mama ilikaa ndani ya chupa ya soda kwa muda ambao hakuna anayeukumbuka.

Maabara huchukua mililita 100 na kuzipitisha kwenye karatasi yenye matundu ya mikromita 0.45, ambayo bakteria hapenyi. Karatasi inalazwa kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, kisahani kinaingizwa kwenye kabati la nyuzi joto 44, joto linalowashinda wengi wa udongoni. Kesho yake kila bakteria mmoja amekuwa ukoo mzima, doa linaloonekana kwa macho, na mtaalamu anahesabu madoa kama mtu anavyohesabu nukta za kanga.

Kwa upande wa kemia, kisima cha mjini kinahitaji jicho kwenye naitreti. Hii hutokana na kinyesi kilichooza na mbolea, haina rangi wala harufu, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya kopo kwa maji hayo anaweza kukosa oksijeni kwenye damu hadi ngozi igeuke bluu. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, naitreti inabaki yote.

Kipimo ambacho hakikufanywa

Kuna maeneo ambako vijidudu ni tatizo dogo, lililo kubwa liko ndani ya mawe. Tembea Arumeru, miteremko ya Mlima Meru, utaona watu wazima wanaofumba mdomo wanapocheka. Meno yao yana mistari ya kahawia tangu utotoni. Ni floridi, inayoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano katika Bonde la Ufa, na ukanda huo unapita Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, na ng'ambo ya mpaka hadi Nakuru. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Meno huharibika yakiwa bado yanaumbwa ndani ya ufizi, na kiwango kikiwa kikubwa kwa miaka mingi, mifupa nayo hupinda.

Tanzania ina historia ya kufundisha hapa. Mwaka 1974 viwango vya muda vya maji ya vijijini viliruhusu floridi hadi miligramu 8. Serikali haikusahau meno ya watu. Ingeweka 1.5, vijiji vizima vingebaki bila chanzo hata kimoja halali. Baadaye ikashushwa hadi 4, na sasa tumefika 1.5. Kwa hiyo neno “salama” kwenye cheti lina tarehe na lina bajeti. Huko Ngurdoto, kituo cha utafiti cha Wizara kimefanya kazi ya kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa. Sufuria ya mama wa Arumeru, hata akichemsha saa nzima, hainasi chochote.

Onyo kubwa kuliko yote lilitoka Bangladesh. Kuanzia miaka ya 1970, UNICEF na serikali ya huko walihimiza visima vya bomba ili watu waache maji ya mabwawa yaliyokuwa yakiua watoto kwa kuhara. Kazi ilifanyika kwa nia njema na mamilioni ya visima vilichimbwa. Mwaka 1993 ilithibitishwa kwamba baadhi vina aseniki, sumu ya asili iliyomo kwenye tabaka za udongo wa delta. Ilibidi kupima visima karibu milioni 5, kimoja kimoja, na kupaka midomo ya pampu rangi: kijani kinywe, nyekundu kisinywe. Vijidudu vilikuwa vimeulizwa. Aseniki haikuwa imeulizwa.

Mama wa Mbagala na wale wa Bangladesh wamekumbwa na kosa la aina moja, kila mmoja kwa upande wake. Yeye alipima kemia akaacha vijidudu. Wao waliwakimbia vijidudu, wakaiacha kemia.

Baada ya chupa nyeusi

Niliporudi kwa mama na chupa yangu ya Mei, nilijiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Aliinyanyua juani, akaizungusha, akauliza, “Sasa tufanyeje?”

Tulianza na Jik, ile ya kawaida ya kufulia isiyo na manukato wala sabuni. Kisima kina kipenyo cha mita 1, na siku ile kina cha maji kilikuwa mita 3. Ukizidisha, unapata lita 2,350 hivi. Kwa dawa yenye klorini ya asilimia 3.5, kila lita 1,000 huhitaji kama lita 1.5, kwa hiyo kisima chake kilitaka lita tatu na nusu. Kwanza tuliziba ufa wa sakafu, kwa sababu kutia dawa kwenye kisima kinachovuja ni kupiga deki mvua inanyesha. Tukamimina, tukachanganya kwa ndoo, tukafungua mabomba hadi harufu ikatoka, tukafunga. Kesho yake pampu ilivuta hadi harufu ikaisha. Wateja walinung'unika siku nzima.

Hiyo ni tiba ya mara moja. Haihamishi choo cha hatua kumi na tisa. Kwa hiyo wateja waliambiwa waziwazi: ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja kamili, au yatiwe klorini ya kunywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko na yaachwe nusu saa. Asiye na mkaa wala dawa anaweza kujaza chupa ya plastiki angavu na kuilaza juani saa sita, siku mbili kama kuna mawingu. Suala la choo mama amelipeleka serikali ya mtaa, ambako mwenye nyumba ya wapangaji ameitwa mara mbili na kufika mara moja.

Suluhisho la kudumu liko nje ya uwezo wa ua mmoja. Lamu imekunywa kwa vizazi maji yaliyochujwa na vilima vya mchanga vya Shela, na kila unapozuka mgogoro wa kujenga juu ya vilima hivyo, wenyeji wanajua kwamba hawagombei viwanja tu. Mitaa yetu ya Dar haina vilima. Ina mabomba yanayosubiriwa, na hadi yafike, ina macho ya watu wanaojua kuzunguka kisima na kuuliza maswali.

Wiki iliyopita nilipita tena na dumu langu, ambalo siku hizi nalisugua kwa brashi. Kipimo cha maabara kilikuwa kimetoka, cha vijidudu, chenye tarehe ya mwezi huu. Mama amekibandika kwa gundi tu. Hakununua fremu, maana anasema kitabadilishwa baada ya vuli.

“Na hiki cha zamani nikitupe?” aliuliza.

“Usikitupe, mama. Kuhusu chumvi bado kinasema kweli.”

Akafikiri kidogo. Kisha akaingia ndani, akatoka na kalamu nene ya mjukuu wake, akaandika juu ya kioo kwa herufi kubwa: HII NI YA CHUMVI TU.